Riwaya inakwenda, tasnifu imelala

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nakaa Makorora. Huu ni mwaka wangu wa pili wa uzamivu wa uandishi wa kubuni katika chuo kimoja cha Uingereza. Nasoma kwa masafa huku nafanya kazi, nimepewa miaka sita. Natakiwa kuwasilisha maneno 80,000: riwaya 60,000 na tasnifu ya kihakiki 20,000. Riwaya inahusu familia ya manamba, vibarua wa mkataba, katika shamba la mkonge, nimefika maneno 22,000. Tasnifu sijaandika hata mstari. Usiku nasoma vitabu mpaka macho yanauma, asubuhi nina vipindi, Jumamosi nina twisheni, na msimamizi anataka kuona kazi kila mwezi. Niigawe vipi? Au nimalize riwaya kwanza, tasnifu ije baadaye?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Naanza na hilo la mwisho maana ndilo litakalokuumiza. Tasnifu usiiache ije baadaye. Mimi niliiacha. Nilimaliza riwaya yangu, nikashusha pumzi, nikakaa kuandika uhakiki wa kazi niliyokwisha kusahau nimeifanyaje. Siku ya mtihani wa mdomo mtahini akaniuliza kwa nini katikati ya kitabu nilihama kutoka nafsi ya kwanza kwenda ya tatu. Nikamjibu kwamba ilikuja yenyewe. Waliniruhusu kupita, lakini nilirudi nyumbani na marekebisho ya miezi mitatu, karibu yote juu ya swali lile lile.

Kwa hiyo nunua daftari la kawaida, lile la kurasa 96 wanalotumia wanafunzi wako. Kila ukimaliza kuandika riwaya, kabla hujafunga kompyuta, andika humo mistari mitano: umebadilisha nini, kwa nini, na umeacha njia gani nyingine. Mfano: “Jumanne. Bibi nimemtoa jikoni nikamweka barazani, kwa sababu jikoni hakuna wa kumsikia. Lakini sasa mjukuu anasimulia jambo ambalo hakuwepo lilipotokea. Nani kamwambia? Rudi sura ya tatu.” Hapo hujui, lakini umeshaanza tasnifu. Swali la nani ana haki ya kusimulia maisha ya manamba ambao wenyewe hawakuacha maandishi ni swali la utafiti, na limetoka kwenye baraza ya bibi wala hukulitafuta maktaba. Kila baada ya miezi miwili lipitie daftari, chagua jambo linalojirudia, uliandikie kurasa tatu au nne. Usijali kama hazina mpangilio.

Tuje kwenye hesabu, maana naona umetishwa na namba kubwa. Maneno 300 kwa kikao kimoja, vikao vinne kwa wiki, ni maneno 1,200. Yaliyobaki kwenye riwaya ni 38,000, yaani wiki kama 32. Toa Ramadhani. Toa Oktoba na Novemba, ambapo kidato cha nne kitakumaliza nguvu hata ukijidanganya vipi. Bado ndani ya mwaka mmoja una rasimu nzima, na miaka mitatu inabaki ya kuiandika upya, na huko ndiko kazi yenyewe iliko. Vikao hivyo viwe alfajiri baada ya swala, kabla shule haijakunyang'anya kichwa. Ukirudi umechoka, hapo ndipo upange marejeo, ujaze fomu za chuo, upitie kurasa za zamani.

Macho kukuuma usiku ni dalili kwamba unasoma bila mpaka. Mkonge una mtego wake. Ukianza na Richard Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mkonge huku, na miche yake ya mwaka 1893, utasoma jinsi ilivyosalimika 62 tu kati ya elfu moja, utaingia kwa Wajerumani, utatokea kwa Waingereza, bei ya singa, vyama vya wafanyakazi, na mwaka umekwisha. Utamu wa bure huo. Mhusika wako anayekata majani alfajiri na mikono imechubuka hamjui Hindorf. Soma kwa ajili ya sura unayoiandika mwezi huu, basi. Kingine kikivutia, kihifadhi kwenye Zotero, programu ya bure inayokutunzia marejeo, na uendelee. Nakala za kazi weka mahali pawili, nakala moja iwe nje ya kompyuta hiyo. Umeme wetu unaujua.

Msimamizi usimpelekee kurasa 40. Mpelekee maneno 2,000 na maswali matatu ya kweli. Atajibu haraka, na jibu lake litakuwa la kufanyia kazi. Mwezi mmoja riwaya, unaofuata kurasa za daftari. Na kama unataka kuwahoji wazee waliofanya kazi mashambani, Muheza au Pangani, simamisha hapo kwanza: omba idhini ya maadili ya chuo kabla ya mahojiano ya kwanza, na uliza COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, mapema kama unahitaji kibali cha utafiti. Mahojiano yaliyofanyika kabla ya idhini unaweza kukatazwa kuyatumia, hata mzee awe amekusimulia dhahabu.

Likikupata jambo, ugonjwa au msiba, vyuo vingi vya Uingereza hukuruhusu kusimamisha masomo kwa muda na saa ya ada na ya miaka ikasimama. Siri ni kuomba mapema. Ukikaa kimya miezi mitano ndipo uandike barua, mlango unakuwa mwembamba.

Twisheni hukuniuliza, ila naiona imekaa vibaya hapo. Kama ndiyo inayolipa ada, iache iendelee. Shaaban Robert wa Vibambani alikuwa karani wa serikali tangu 1926 na vitabu vikatoka, ingawa yeye hakuwa na mtahini wa kumuuliza kwa nini. Kama hailipi ada, punguza kundi moja, asubuhi ya Jumamosi iwe kikao chako cha nne.

Anza na daftari wiki hii, kabla hata ya hesabu. Likifika ukurasa wa kumi, nitumie picha ya ule unaoona haueleweki kabisa.