Jumamosi usiende, angalia kwanza namba iliyo juu ya dirisha la gemu

Mkuu usiende. Nimesoma ulivyoandika, umeipiga Chessmaster 2000, ile gemu ya chesi, mara 14 mfululizo kwenye DOSBox (programu ya kuchezea magemu ya zamani kwenye kompyuta ya leo) na sasa Jumamosi unashuka Kirumba na laki moja kucheza chesi ya hela, chai yangu imepoa hapa. Hiyo laki iache nyumbani.

Fungua gemu sasa hivi, usicheze, angalia juu kabisa ya dirisha pale palipoandikwa DOSBox. Cycles ngapi, yaani spidi ambayo DOSBox inaipa gemu? Kama hujagusa kitu itakuwa 3000, magemu ya zamani ya aina hiyo huwa inayaanzishia hapo. Hiyo ni spidi ya enzi za kompyuta za 286, miaka ya themanini, na programu yenyewe ni ya 1986. Kazi yake ni kuhesabu tu, nikisogeza hivi, akijibu vile, mpaka sekunde zake ziishe, sasa spidi ikiwa ndogo hesabu inakuwa fupi. Ni kama kuvua dagaa usiku na karabai, unaona mpaka mwanga unapoishia, kiboko akiwa hatua mbili mbele ya hapo humuoni.

Mimi mtego wangu ulikuwa mmoja. Askofu anakula askari wa h7 (herufi na namba ni jina la chumba cha bodi), shah, yaani mfalme ameshambuliwa, mfalme anamla, farasi anaruka g5, shah tena, mfalme anarudi g8, malkia h5, basi imekwisha. Nilikuwa nimeiweka ngazi ya chini inajibu chap chap, na kila mara mfalme anarudi g8 kama ng'ombe anayejua zizi lake. Nikaamini chesi ndiyo hiyo.

Nikaenda barazani, wanapocheza drafti kwa vizibo vya soda, jamaa mmoja mpole akatoa bodi ya chesi kwenye mfuko wa rambo. Mfukoni nina laki mbili na nusu, hela ya mama, asubuhi nilitakiwa niende nayo Mwaloni kununua dagaa. Tukaanza na hamsini. Nikamtolea askofu, akamla, farasi g5, nikashusha pumzi nasubiri g8. Yule bwana hakurudi. Mfalme akapanda g6, katikati ya uwanja, peke yake! Sijawahi kuona kitu kama kile kwa miezi minne ya kucheza na mashine. Nikaleta malkia g4, akasukuma askari wake f5 taratibu kwa kidole kimoja, malkia wangu anatafuta pa kukimbilia, askofu ameshakwenda. Nikapigwa. Nikaweka mia nyingine nikitaka kurudisha, nikapigwa, nikaweka mia ya mwisho. Nilitembea kwa miguu mpaka Mabatini maana hata nauli ya daladala sikubakiza. Na msianze kunihubiria kamari hapa, mama ameshanisema vya kutosha, biashara yake ililala wiki tatu.

Ila kuna mtu simsamehi. Fundi aliyeniuzia laptop na hiyo gemu ndani aliniambia, "dogo, hii ndiyo ilimpiga Kasparov, ukiipiga hii hakuna wa kukusumbua Mwanza nzima." Uongo mtupu! Aliyempiga Kasparov, bingwa wa dunia wa chesi, ni kompyuta ya Deep Blue ya IBM, New York, Mei 1997, michezo sita, 3.5 kwa 2.5. Lile lilikuwa dude zito kuliko ng'ombe wawili, lilikuwa na chipu 480 za chesi tupu, lilikuwa linapima nafasi kama milioni 200 kwa sekunde moja. Chessmaster 2000 ilitengenezwa ikae kwenye disketi na ijiendeshe kwenye kompyuta ya nyumbani. Haina undugu na lile kabisa, na mtu anakuangalia usoni anakuambia ndiyo hiyo hiyo ili tu laptop itoke dukani.

Kwa hiyo ushindi wa kwenye 3000 usiuhesabu hata mmoja. Bonyeza Ctrl na F12, namba inapanda, bonyeza tena na tena (kwenye laptop nyingine mpaka ushike na Fn), ukizidisha sauti ikaanza kukatakata rudi kidogo kwa Ctrl na F11. Halafu panda ngazi, ipe muda wa kufikiri mpaka wewe mwenyewe uchoke kusubiri. Nilipofanya hivyo mimi, kwenye mechi kumi za kwanza niliambulia sare moja.

Angalia hiyo namba sasa hivi, uniandikie hapa ni ngapi.