Kulinda programu inayobeba biashara

Dada yangu, umeuliza kama duka lako la jumla la Kamukunji, linalotegemea programu moja kuhesabu bidhaa, kutoa risiti na kupokea malipo ya M-Pesa, lina haja ya kugharimia ulinzi wake ilhali hujawahi kuibiwa. Haja ipo, tena ni ya sasa, kwa sababu wahalifu wakiifunga programu hiyo Jumamosi asubuhi, hutajua unamdai nani wala nani anakudai.

Anza na watu kabla ya mitambo. Katika duka moja nililokagua hapa Nairobi, nilikuta nywila ya msimamizi imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta, na karani aliyekwisha kuacha kazi bado angeweza kuingia akiwa nyumbani kwake na kubadilisha bei. Mpe kila mfanyakazi akaunti yake, na uifunge siku ile ile anapoondoka.

Masasisho ya programu, yaani marekebisho anayotoa mtengenezaji, yasiahirishwe: mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147 kupitia kasoro ya programu ambayo tiba yake ilikuwa imeshatolewa lakini haikuwekwa. Nakala ya akiba ya kumbukumbu zako ikae nje ya mtandao wa duka, na ijaribiwe. Nakala isiyojaribiwa mimi siihesabu.

Taarifa za wateja zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Kwa hiyo mwulize leo aliyekuuzia programu: hitilafu ikitokea usiku, nani atapokea simu?