Kifyonza vumbi kimeziba: waya uweke kando kwanza

SWALI: Fundi, kifyonza vumbi changu hakivuti tena. Kinalia kwa sauti nyembamba kuliko kawaida, na jana kilizimika chenyewe katikati ya kazi. Mfuko nimeshabadilisha. Je, naweza kuzibua mpira wake kwa waya wa henga?

JIBU: Ndugu, kabla ya waya tuzungumze kuhusu huko kuzimika. Mota hupozwa na hewa ileile inayovutwa. Njia ikiziba, joto hupanda na swichi ya usalama iliyomo ndani hukata umeme kabla mota haijaungua. Mashine nyingi zikishapoa, swichi hiyo hujirudisha yenyewe. Sasa fikiria vidole vyako viko kwenye brashi wakati huo! Ndiyo maana kuzima kwa kitufe hakutoshi: chomoa plagi, au toa betri kama ni ya kuchaji, kisha uiache ipoe kama saa moja.

Hiyo sauti nyembamba isikutishe. Hewa isipopita, feni hukosa mzigo na mota huzunguka kasi zaidi.

Ikishapoa, tafuta palipoziba. Ng'oa mpira, washa mashine kidogo, sogeza kiganja karibu na tundu ulimochomekwa. Ikivuta vizuri, uchafu umekwama kwenye mpira, bomba au brashi. Isipovuta, kagua chujio. Chomoa plagi tena kabla ya kugusa chochote.

Mpira uning'inize wima, udondoshe sarafu ndani. Isipotokea upande wa pili, minyaminya mpira kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho. Utapahisi palipo pagumu. Mara nyingi huwa ni kwenye kona, karibu na kishikio. Sukuma taratibu kwa mpini wa ufagio wenye ncha butu, ukianzia upande ulio karibu na kizibo. Waya wa henga hutoboa mpira, na tundu dogo tu linatosha kupoteza mvuto. Vaa glavu: humo hutoka pini na vigae vya glasi.

Nywele zilizojisokota kwenye brashi zikate kwa mkasi. Chujio lioshwe tu ikiwa kitabu cha mashine kinaruhusu, na likauke kabisa, walau saa 24. Nimeshafungua mota zilizokufa kwa sababu mwenyewe alirudisha chujio bichi.

Ikiendelea kuzimika wakati njia yote ni safi, au ukisikia harufu ya kuungua, usiiwashe tena. Mpelekee fundi.