Daftari, koltani na Wagiriki: majibu ya maswali yenu

Bon, maswali yamejaa mu telefone yangu. Mengi yanauliza maneno magumu ya Kiingereza, na mengi kati ya hayo yanatoka ku Kigiriki cha kale. Nimechagua sita ya leo, mengine yatangoja.

Mwalimu, nilikutana na neno "petrichor", nikatafuta mu diksioneri ya shule sikuliona. Ni nini? (Mwanafunzi, Katindo)

Mdogo wangu, kama diksioneri yenyewe ni ya zamani hutaliona, juu neno ni la mwaka 1964. Watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walikuwa wanachunguza ile harufu inayopanda mvua ikinyesha ku udongo uliokauka muda mrefu, wakaona haina jina moja lililo wazi, basi wakatunga lao. Walichukua "petra", yaani jiwe, wakaunga na "ichor", yale majimaji ambayo Wagiriki walisema yanatembea mu mishipa ya miungu mahali pa damu. Damu ya mawe, ukitaka.

Na wewe wa Goma hiyo harufu unaijua sana. Ile mvua ya kwanza ya kumaliza kiangazi, matone makubwa yanaanguka moja moja ku mawe meusi ya volkano pale mlangoni, jiwe halijalowa hata nusu lakini harufu imeshafika puani na mama ameshapiga kelele nguo zianuliwe. Wale watafiti waligundua kwamba wakati wa ukavu mimea inatoa mafuta fulani, mawe na udongo vinayanywa polepole, mvua ikigonga yanatoka na kupanda hewani. Hiyo "petra" umeshaitamka mara nyingi kanisani bila kujua: Petro maana yake ni jiwe, njo sababu Yesu alimwambia kwamba juu ya mwamba huu atalijenga kanisa lake. Na petroli ni hivyo hivyo, mafuta ya jiwe.

"Volcano" nalo ni la Kigiriki? (Papa mmoja, Majengo)

Hapana Papa, hilo ni la Warumi, linatoka ku Vulcanus, mungu wao wa moto. Mungu wa moto wa Wagiriki aliitwa Hephaistos, na ukiangalia vizuri utaona jina lake halikuacha alama yoyote mu neno hilo.

Mimi ni infirmie. Kwa nini dondakoo kwa Kiingereza wanaandika "diphtheria", herufi zote hizo za nini? (Dada, Kadutu, Bukavu)

Dada, swali lako limenifurahisha kuliko yote, juu jibu liko mkononi mwako kila asubuhi ukianza kazi.

Mu Kigiriki "diphthera" ni ngozi ya mnyama iliyotengenezwa. Mwaka 1826 daktari Mfaransa Pierre Bretonneau, wa mji wa Tours, alikuwa anaeleza ugonjwa wa koo unaoua watoto, na wewe umesoma dalili yake: utando wa rangi ya majivu unaojibandika nyuma ya koo, mgumu, ukijaribu kuubandua damu inatoka. Aliona unafanana na kipande cha ngozi, akaupa ugonjwa jina la ngozi. Yale ph na th yanayofuatana ni herufi mbili za Kigiriki ambazo Warumi walikuwa wanaziandika kwa herufi mbili mbili, Wafaransa na Waingereza wakafuata.

Sasa sikia upande wa pili. Kabla karatasi haijaenea, watu walikuwa wanaandika ku ngozi. Herodotos, yule mwandishi wa historia wa Kigiriki, anasema Wagiriki wa Ionia waliendelea kuita vitabu "ngozi" hata walipokuwa wameshaanza kuandikia mafunjo, juu zamani waliandikia ngozi za mbuzi na kondoo. Neno likatembea likaingia ku Waajemi, likafika ku Waarabu likiwa "daftar", na Waarabu wakaja nalo ku pwani yetu. Daftari! Ile ile unayoandikia majina ya wagonjwa. Yaani siku ukiandika "diphtheria" mu daftari, umeandika neno moja ndani ya lenyewe. Miye nilipolijua hilo mara ya kwanza nilisimama, nikamwita mke wangu jikoni nimwambie.

Na si hilo peke yake. Kalamu ni "kalamos", tete. Almasi ni "adamas", kisichoshindika, na humo humo njo Waingereza walitoa "diamond" na pia "adamant", mtu mwenye msimamo asiyegeuka. Askofu ni "episkopos", msimamizi, yule anayeangalia kutoka juu. Mtu akikuambia Kigiriki ni kitu cha mbali cha wazungu, mwonyeshe kalamu na daftari.

"Serendipity" maana yake nini, na ni Kigiriki? (Himbi)

Ni bahati ya kukuta kitu kizuri ambacho hukuwa unakitafuta. Si Kigiriki: Mwingereza Horace Walpole alilitunga mwaka 1754 kutoka ku Serendip, jina la zamani la Sri Lanka.

Mwalimu, mu kitabu waliandika "tantalize" na mu kamusi wanasema ni kumtamanisha mtu bure. Je, iko na uhusiano na tantali, ile metali inayotoka ku koltani, madini yetu? (Kijana wa Masisi, anasoma Goma)

Iko nao, tena wa karibu sana.

Tantalos alikuwa mfalme aliyekula meza moja na miungu, kisha akawakosea. Wengine wanasema aliiba chakula chao, wengine wanasema alimchinja mtoto wake akawapikia awajaribu kama watajua. Adhabu yake Homeros ameieleza: amesimamishwa mu ziwa, maji yamefika ku kidevu, ana kiu, lakini akiinama anywe maji yanakauka mpaka ardhi nyeusi inaonekana miguuni. Juu ya kichwa matawi yamelemewa na matunda, akinyoosha mkono upepo unayarusha mbali. Njo "tantalize".

Mwaka 1802 Msweden Anders Ekeberg akapata metali mpya. Oksidi yake, yaani metali ikiwa imeungana na oksijeni, aliiweka ndani ya asidi, nyingi, ikakaa humo bila kunywa hata kidogo. Akakumbuka yule mtu mu maji, akaiita tantali. Kutoliwa na asidi ni moja ya sababu metali hiyo inapendwa leo, inatumika mu vile vitu vidogo sana vinavyotunza umeme ndani ya simu.

Koltani ni majina mawili ya madini yaliyokatwa yakaungwa, kolumbiti na tantaliti. Ile kolumbiti ina metali nyingine, na mu mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose alionyesha kwamba hizo metali ni mbili tofauti ingawa zinafanana mno na ni kazi kuzitenganisha. Akatafuta jina linalofaa kwa kitu kinachofuatana na Tantalos kila mahali, akachukua jina la binti wa huyo Tantalos, Niobe. Niobi. Na Niobe ni nani? Ni mama aliyejisifu kwa wingi wa watoto wake, Homeros anahesabu 12, miungu Apollo na Artemis wakawaua wote, naye akageuka jiwe, na jiwe lile linaendelea kutoa machozi.

Nakuambia kijana wangu, wale wanasayansi hawakuwa wanafikiria Rubaya, kule koltani inakochimbwa, hata kidogo. Lakini chukua kile kijiwe cheusi, kizito kuliko unavyotegemea, kikiwa bado na udongo wa mlima: ndani yake mko baba aliyesimama mu maji na kiu, na mama anayelilia watoto. Nimewafundisha vijana wengi ambao baba zao wanachimba kule wakirudi mikono mitupu, na kila nikifika ku neno hili sauti inanibadilika, siwezi kulifundisha kama maneno mengine.

Wanasema Kivu inaweza kufanya "limnic eruption". Ni volkano ya chini ya ziwa? (Mama, Keshero)

Si volkano Mama. "Limne" ni ziwa. Ni gesi iliyoyeyuka mu maji ya chini kabisa ikitoka yote kwa mara moja, kama chupa ya Fanta iliyotikiswa. Ilitokea Kamerun, ku ziwa Nyos, tarehe 21 Agosti 1986, watu zaidi ya 1,700 walikufa, wengi usingizini, juu gesi ile ni nzito kuliko hewa, inalala chini. Madaktari kifo hicho wanakiita "asphyxia", ambalo ku Kigiriki lilikuwa na maana ya mapigo ya moyo kusimama.

Ile gesi nzito wewe unaijua, ni ya mazuku, inayojikusanya mu mashimo ya pembeni ya ziwa pale kwenu na kuua mbuzi, na siku mbaya hata watoto. Wataalamu wa volkano walipohitaji jina la kitu hicho hawakwenda ku Kigiriki. Walisikia tunavyosema, na mu vitabu vyao vya Kiingereza wanaandika "mazuku".