Rangi ikigoma, weka bunduki chini

Gari la kwanza nililolipiga rangi nyumbani kwa bunduki ya kupulizia lilikuwa Corolla nyeupe, na boneti ndiyo iliyonitoa jasho. Nilipiga mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, nikaona vishimo vitatu vya mviringo, kila kimoja kama punje ya mtama: rangi imejitenga, praima, ile rangi ya msingi ya chini, inachungulia katikati. Nikafanya wanachofanya wageni wote wa kazi hii, nikaongeza rangi juu yake. Vishimo vikawa kumi. Nikaongeza tena, ikatiririka mpaka kwenye grili. Mwezi ule niliirudisha ile boneti kwenye bati mara tatu, na jirani akaanza kuniuliza kama gari naliuza kwa kilo.

Nilipompelekea fundi mmoja mtu mzima pale Gerezani, Dar es Salaam, hakuhangaika kuvitazama vishimo. Aliniuliza tu, "Vilitokea saa ngapi, kijana?" Kumbe alitaka kujua kama vilitokea rangi inatua, au baada ya robo saa, au kesho yake. Mimi nilikuwa naangalia dosari inafananaje. Yeye alikuwa anaangalia imetokea lini. Tangu siku hiyo nimechunguza kila dosari kwa njia yake, na nakushauri wewe unayeanza ufanye hivyo hivyo. Lakini kwanza weka bunduki chini. Rangi mbichi haitengenezwi kwa rangi nyingine.

Dosari inayotokea papo hapo, sekunde chache tu baada ya rangi kutua, karibu kila mara ni uchafu wa mafuta. Vile vishimo vyangu vilikuwa vya silikoni, mafuta yaliyomo kwenye dawa za kung'arisha. Mpwa wangu alikuwa hatua sita kutoka nilipokuwa, anang'arisha matairi ya pikipiki kwa dawa ya kupuliza, na chembe za dawa ile husafiri hewani. Dawa ya dashibodi ni vilevile, waksi ya zamani vilevile, hata kiganja chako kilichotoka kushika mafuta ya injini. Ukiona vishimo, acha rangi ikauke kabisa, osha kwa dawa ya kuondoa grisi, piga msasa, osha tena, ndipo urudie. Na mpangilio huo una sababu: ukitangulia kupiga msasa kabla ya kuosha, unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo na hayatoki tena kirahisi. Tumia vitambaa viwili, kimoja kilicholowa dawa, kingine kikavu kinachofuata nyuma kabla dawa haijapaa. Petroli usitumie, huacha mafuta yake.

Vishimo vikijirudia baada ya usafi wote huo, ichunguze kompresa, mashine inayosukuma hewa kwenye bunduki. Hewa ikishindiliwa hupata joto, ikipoa ndani ya mpira hutoa maji, na kompresa iliyochakaa huongeza oili juu yake. Elekeza hewa tupu kwenye kipande cha kioo kwa nusu dakika. Ukiona matone au utando, umempata mwizi. Fungua koki ya chini ya tangi umwage maji kila siku ya kazi, na chujio la maji lifunge mbali na kompresa, kuelekea bunduki, ili hewa ifike pale ikiwa imeshapoa.

Dosari za dakika chache huwa ni za hali ya hewa, mkono wako, au kilichopo chini. Ukungu mweupe juu ya rangi inayokauka haraka ni wa unyevu. Thina, kimiminika cha kulainishia rangi, inapopaa hulipoza bati, na unyevu wa hewani unatua juu yake kama jasho kwenye chupa ya soda baridi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, pwani yetu hii ni nyumba ya ukungu huo. Nunua thina inayokauka polepole, au subiri siku kavu. Ukishatokea usiufunike, mara nyingine hupungua wenyewe rangi ikikauka, au hutoka kwa polishi.

Rangi ikikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa, thina yako imeilainisha rangi ya chini. Hapo hakuna ujanja, kwangua. Lakini ungeweza kujua mapema: lowesha kitambaa kwa thina, kilaze mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa buti, dakika moja au mbili. Rangi ya zamani ikilainika au kutoka na kitambaa, usipige juu yake bila kuiondoa au kuifunika kwa praima inayofaa. Magari yaliyopigwapigwa rangi mitaani ndiyo yenye mtego huu.

Michirizi inatokana na mkono: umekaribia mno, umekwenda taratibu, au umesimama mwisho wa mpigo huku kidole kikiwa bado kwenye trega. Mimi hupima shibiri moja, natembea na mwili mzima badala ya kuzungusha kifundo, na kila mpigo unafunika nusu ya uliotangulia. Ukienda mbali sana, au rangi ikiwa nzito mno au presha ndogo, unapata uso wenye vipele kama ganda la chungwa. Mchirizi usiuguse kwa kidole. Ukikauka vizuri, fungia msasa wa maji namba 1000 kwenye kipande kigumu cha mbao, ukate kile kilima peke yake, kisha 2000, kisha polishi. Ukishika msasa kwa vidole vitupu utachimba bonde pembeni.

Saa kadhaa baadaye huja vitundu kama vya sindano. Umepiga nzito, au hukusubiri kati ya mkono mmoja na mwingine, ngozi ya juu ikafunga na thina ya chini ikatoboa ili itoke. Gusa rangi iliyotua kwenye gazeti ulilozibia: ikivutika kama uzi, bado. Jua pia ni mshitakiwa hapa. Bati la saa sita mchana linakausha juu kabla ya chini, kwa hiyo mimi hufanya kazi saa moja hadi saa tatu asubuhi, kivulini, baada ya kufuta umande.

Zinazotokea baada ya wiki ndizo zinazouma, maana umeshajisifu. Nilipiga msasa wa maji juu ya puti tupu, ule ujiuji mzito wa kuzibia mabonde ya bati, kwenye fenda, nikapaka praima siku ileile. Wiki ya tatu yakaja malengelenge. Puti hunywa maji. Ipige msasa mkavu, maji yaanze baada ya praima kuifunika. Ramani ya puti inayojitokeza chini ya rangi, au mistari ya msasa, ina maana uliruka namba za msasa: umetoka 80 ukaenda 400 bila kupita 180, au praima haikukauka.

Kuhusu kufanana kwa rangi nitasema kidogo tu. Toyota nyingi zina kibati kwenye chumba cha injini au nguzo ya mlango, na namba ya rangi iko kwenye mstari ulioandikwa C/TR. Nyeupe 040 inamsamehe mwanafunzi. Silva kama 1F7 ina chembe za metali zinazolala tofauti kila unapobadili mwendo, ikakutolea mabaka. Usianzie huko.

Hadna ya klia, yaani dawa ya kukaza ile rangi angavu ya juu kabisa, ni jambo la mapafu. Nyingi zina isosayaneti, inayojulikana kwa kusababisha pumu kwa mafundi, na barakoa ya vumbi au kitambaa cha puani haikukingi nayo. Nyumbani, watoto wakiwa uani na nguo za jirani zikiwa kambani, mimi siipigi. Napiga msasa, puti na praima ya kawaida mwenyewe, kisha nalipeleka gari kwenye gereji yenye chumba cha rangi na hewa safi ya kuvuta fundi inayoletwa kwa bomba. Mwambie unataka rangi na klia tu, mwonyeshe kazi ya msasa, ndipo mzungumze bei.