Barua kwa Mwanangu: Kikosi Ulichopangiwa

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Barua yako imefika na nimemsomea mama yako kwa sauti. Umesema umemaliza mafunzo ya ufundi wa ndege, umepangiwa VFA-25, kikosi cha ndege za kivita cha jeshi la majini la Marekani hapo Lemoore, California. Ukaniuliza mambo mawili: kikosi hiki kimetoka wapi, na je, ni cha mtu kujivunia? Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, basi uwe na subira jibu likirefuka.

Kilianzishwa tarehe 1 Januari 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakati huo kiliitwa VT-17, kikosi cha kurusha torpedo, yaani makombora yanayopita ndani ya maji, kikirusha ndege za Avenger kutoka meli ya kubebea ndege, Bunker Hill. Novemba mwaka huohuo kilikuwa Rabaul, na Februari 1944 kikawa Truk, zote mbili ngome za Wajapani katika Pasifiki. Tarehe 7 Aprili 1945, kikiwa kwenye meli ya Hornet, ndege zake zilikuwa miongoni mwa zile zilizoishambulia Yamato, manowari kubwa ya Wajapani, hadi ikazama na mabaharia wake kwa maelfu.

Baada ya vita namba zikaanza kubadilika, na hapo watu wengi hupotea. Mwaka 1946 kikawa VA-6B, mwaka 1948 VA-65, kikapigana Korea kwa jina hilo. Tarehe 1 Julai 1959 kikabadilishana namba na kikosi kingine: kilichokuwa 65 kikawa 25, na kilichokuwa 25 kikawa 65. Ukikuta maandishi ya zamani yanayosema VA-25 ilifanya hili au lile kabla ya siku hiyo, ujue si wazee wako hao.

Kipindi ninachotaka ukijue vizuri ni cha Vietnam. Wenzao wengi walishaingia kwenye jeti, ila VA-25 bado kilikuwa na Skyraider, ndege ya rafadha iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1945. Injini yake ilikuwa moja tu, ya silinda 18, na rubani mmoja. Ilikuwa ya mwendo wa pole, lakini ilibeba mabomu ya zaidi ya tani tatu na iliweza kukaa angani saa nyingi juu ya rubani aliyeanguka, ikimlinda mpaka helikopta ifike. Jeti za wakati ule mafuta yangewaishia mapema.

Tarehe 20 Juni 1965, Skyraider nne za kikosi zilitoka kwenye meli ya Midway kwenda kumtafuta rubani aliyeangushwa Vietnam Kaskazini. Zikatokewa na MiG-17 mbili za Vietnam Kaskazini, ndege za jeti. Kwa hesabu ya kawaida wale marubani wanne walikuwa wamekwisha. Wakashuka chini kabisa, wakawa wanazunguka kati ya vilima, mahali ambapo kasi ya jeti haisaidii kitu kwa sababu inashindwa kukata kona kali. MiG moja ikapita mbele ya mizinga ya Clinton Johnson na Charles Hartman, wote wawili wakafyatua, ikaanguka. Kila mmoja akaandikiwa nusu ya ushindi. Wenzako watakusimulia kisa hiki siku ya kwanza, na kweli kinastahili kusimuliwa.

Watakusimulia pia cha choo. Kabla mwaka 1965 haujaisha, kamanda Clarence Stoddard aliruka na choo cha kukalia kikiwa kimefungwa chini ya bawa, akakiangusha Vietnam pamoja na mabomu yake. Ilikuwa sherehe ya kutimiza ratili milioni 6 za mabomu. Picha yake imesambaa na watu hucheka. Mimi, mwanangu, sikuweza kucheka. Ratili milioni 6 ni tani zaidi ya 2,700, na kila tani ilianguka mahali palipo na jina, kwenye nchi ya watu. Naelewa kwamba vijana wanaoondoka kila asubuhi bila kujua kama watarudi hutafuta la kuwachekesha, na Stoddard mwenyewe hakurudi: Septemba 1966 alipigwa na kombora lililorushwa kutoka ardhini. Namwonea huruma yeye, na nawaonea huruma waliokuwa chini yake. Sioni kwa nini nichague mmoja.

Lakini jina ambalo ningependa uliulizie ni la Joseph Dunn. Tarehe 14 Februari 1968 hakuwa vitani. Alikuwa akisafirisha Skyraider kutoka Ufilipino kuipeleka kwenye meli ya Coral Sea. Akapita karibu mno na kisiwa cha Hainan, na MiG za China zikamwangusha. Mwenzake aliona mwavuli ukifunguka. Mwili wake haukupatikana mpaka leo. Mkewe, Maureen, aliyebaki na mtoto mdogo, alihangaika miaka na miaka akidai majibu kutoka kwa serikali yake, akawa miongoni mwa walioanzisha umoja wa familia za wafungwa na waliopotea vitani. Siku sita tu baada ya Dunn kupotea, kikosi kiliruka na Skyraider za kiti kimoja vitani kwa mara ya mwisho. Aprili mwaka huo ndege hizo zikaagwa hapohapo Lemoore ulipo.

Zikafuata A-7 Corsair, ndege za jeti, na hapa historia yao inapita mbele ya mlango wetu. Julai 1976, makomando wa Israel walipowaokoa mateka Entebbe na ndege zao zikajaza mafuta Nairobi, Idi Amin alitugeuzia hasira zake. Wakenya waliokuwa Uganda waliuawa. Tangu Februari alikuwa ameshadai magharibi mwa Kenya kuwa yake, kwa hiyo tuliokuwepo tuliamini vita vinakuja. Tarehe 12 Julai meli ya Ranger ikaondolewa upande wa magharibi wa Pasifiki ikaletwa mbele ya pwani ya Kenya, na VA-25 kilikuwa ndani yake. Haikufyatuliwa hata risasi moja. Ni ile kazi ya kusimama tayari, ndege zikiwa zimekaguliwa na kujazwa mafuta, na aliyezikagua hakuna aliyemwandika popote. Kazi hiyo sasa ni yako.

Namba ya leo, VFA-25, kilipewa tarehe 1 Julai 1983 kilipokuwa kinaingia kwenye F/A-18 Hornet, ndege inayopigana na ndege nyingine na pia kulipua shabaha za chini. Kilikuwa miongoni mwa vikosi vya kwanza kwenda nayo baharini, mwaka 1985, kwenye meli ya Constellation. Agosti 1990 Iraq ilipoivamia Kuwait, kilikuwa kwenye meli ya Independence katika Bahari ya Hindi, kikafika Ghuba ya Oman miongoni mwa wa mwanzo. Hizo Super Hornet utakazozishika, toleo jipya la Hornet, zilikuja miaka kumi na kitu iliyopita.

Kuhusu kujivunia: naam, jivunie wale wanne waliokwenda kumtafuta mwenzao wakijua ndege zao ni za zamani. Jivunie mkono wako ukitengeneza kitu kikamrudisha mtu kwao. Idadi ya mabomu usiibebe kama sifa, hata wakikucheka.

Mama yako anataka kujua ni lini utapanda meli na lini utarudi. Mweleze ukweli. Mwaka 2002 kikosi chako kiliondoka Julai na meli ya Abraham Lincoln. Januari, wakiwa tayari njiani kurudi nyumbani, wakageuzwa kwenda vita vya Iraq, wakafika kwao Mei. Kwa hiyo ukipewa tarehe ya kurudi, tuandikie, lakini usituahidi. Na uniandikie kama jina la Dunn limewekwa mahali hapo kambini.

Ni mimi,
Babako