Usiweke 120 shughuli nzima, mkuu

Usithubutu. Nimesoma swali lako nikaacha chai ipoe: sendofu ya dada yako ni Jumamosi, unaulizia lenzi, memori kadi, na kama ni sawa kamera ikae kwenye slomo, ule mwendo wa polepole, ya fremu 120 (picha 120 kila sekunde) mwanzo mpaka mwisho "halafu spidi nitairekebisha nyumbani". Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonimaliza mimi.

Ilikuwa harusi Morogoro. Kamera ya kuazima, na aliyeniazima, mtu anayejiita mtaalamu mpaka kwenye stika ya gari lake, akaniwekea menyu ya slomo, fremu 100, akaniambia namba ikiwa kubwa ndiyo ubora. Ubora! Leo nikimkumbuka bado mkono unaniwasha.

Nikapiga kila kitu hivyo hivyo. Babu yake bibi harusi akapewa maiki, akaongea dakika 11. Wasia mzito, watu wanafuta machozi, mpaka wapishi wakaacha masufuria wakaja kusimama mlangoni. Mimi nyuma ya traipodi najiona bingwa. Usiku nafungua klipu: dakika 44. Babu anapeleka maiki mdomoni kama mtu aliye chini ya maji, na sauti hakuna. Nikadhani spika za kompyuta zimekufa. Nikavaa hedifoni. Kimya. Hapo nikaanza kuomba kwa dini zote mbili.

Menyu ile ina namba mbili, na mimi niliangalia moja. Kamera inachukua fremu 100 kila sekunde, lakini faili inaliandika lichezwe kwa fremu 25. Sekunde moja ya ukumbini inatandazwa kwenye sekunde 4 za video. Na kamera ile, kama nyingine nyingi zikiwa kwenye slomo, hairekodi sauti kabisa. Mwendo niliurudisha, ukiweka spidi asilimia 400 babu anakuwa babu. Sauti ambayo haikuingia utaitoa wapi? Nilichookoa ni dakika 2 na ushee kutoka simu ya shangazi mmoja, na humo kuna mtoto analilia soda juu ya wasia.

Nilirudisha laki nne. Mama wa bibi harusi tukikutana sokoni mmoja wetu hubadilisha njia. Sisemi ni nani.

Kwa hiyo mtu akishika maiki, ni fremu 25 za kawaida, na taimlaini yako, pale unapopanga klipu kwenye programu ya kuhariri, nayo 25. Usijadiliane na mtu. Slomo ya keki au ya maharusi kuingia unaitaka? Piga 50 kwenye video ya kawaida, siyo kwenye menyu ya slomo. Sauti inaingia, klipu inacheza kwa mwendo wake, na ukiipunguza hadi nusu kwenye taimlaini ya 25 kila fremu inapata nafasi yake, haikwamikwami. Anayekwambia 50 haitoshi muulize kama amewahi kurudisha hela ya harusi.

Tena usisubiri Jumamosi. Iwashe sasa hivi, jirekodi ukihesabu moja mpaka kumi, huku saa ya ukutani inaonekana, halafu icheze. Mshale wa sekunde ukitambaa kama konokono na mdomo wako unafunguka kama wa perege bila neno, toka kwenye hiyo menyu.